Ufukwe upo karibu na nyumbani: jibu kwa dada wa Kajjansi

Dada uliyehamia Kajjansi, kwenye njia ya Kampala kwenda Entebbe, kutoka Tanga, nimelisoma swali lako, na naona waliotangulia kujibu wamekutajia hoteli tu. Umesema watoto wanalilia bahari, shemeji anawaambia Uganda haina pwani basi yaishe, na umeuliza mambo matatu: kama kuna ufukwe wa maana karibu na hapo mlipo, kama maji ya ziwa yanawafaa watoto, na kama mdunduize pesa mwende visiwa vya Ssese mwezi wa kumi na mbili. Mimi ni mtoto wa Entebbe. Marehemu baba alikuwa polisi, Kiswahili nimekipata kambini, na ziwa nimelijua kabla sijaijua njia ya Kampala. Niruhusu nijibu kwa kirefu, maana naumia nikisikia familia inaishi jirani na maji namna hiyo na haijawahi kuyakanyaga.

Kwanza, usilitazame ziwa kwa macho ya Tanga. Hapa hakuna maji kupwa wala kujaa; utayakuta palepale asubuhi na jioni. Kinachobadilika ni upepo. Ziwa Viktoria lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, na maji mengi kiasi hicho yanajitengenezea hali yake ya hewa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, hewa ya pande zote ikavutwa kuelekea katikati ya ziwa, mawingu yakajijenga huko, na ndiyo sababu radi za ziwani hupiga usiku wa manane mpaka alfajiri. Mchana mambo hugeuka: nchi inapata joto, upepo unatoka majini kuja nchi kavu, na ikifika saa nane pale palipokuwa pametulia pameshachafuka kwa mawimbi. Saa nzuri ni zile za katikati, kuanzia saa moja asubuhi hadi kama saa tano. Ukiamka ukaona wingu jeusi limesimama upande wa kusini, usivunje safari, chelewesha tu. Litakuja, litanyesha, litapita.

Watu wengi wa Kampala hufanya kinyume. Wanatoka Jumapili mchana, wanakaa kwenye foleni, wanafika ufukweni saa kumi, maji yamechafuka, muziki unapasua masikio, halafu wanarudi wakisema ziwa halina raha. Wewe nenda Jumamosi mapema, au siku ya katikati ya wiki shule zikifungwa.

Pa kuanzia ni bustani ya mimea ya Entebbe. Mwambie kondakta wa takisi, yaani daladala ya huku, Botanical, atakushusha panapostahili, na boda itamalizia. Ilianzishwa 1898 kwa ajili ya kujaribu mimea ya biashara kama mpira, kahawa na kakao, na mpaka leo miti mingi mikubwa ya humo ni ile iliyoletwa kutoka mbali. Kiingilio mtalipa getini, ni pesa ambayo familia ya kawaida inaimudu. Msiishie juu kwenye viti. Shukeni mpaka chini, nyasi zinapokutana na maji, mkae hapo bila kelele kwa muda. Mtamwona mdiria, yule mwenye rangi nyeusi na nyeupe, amesimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga kwa kasi lakini yeye hasogei, kichwa kimetulia kikitazama chini. Kisha anajitosa mdomo mbele. Akiibuka na samaki mkubwa kidogo hammezi papo hapo. Anaruka naye hadi kwenye tawi, anampigiza kushoto na kulia mpaka atulie, anamgeuza kichwa kitangulie, ndipo anammeza. Wanangu waligombania darubini kwa ajili ya ndege huyo mmoja, na simba wa kituo cha wanyamapori hapo jirani wakasahaulika kabisa siku ile.

Juu ya vichwa vyenu kutakuwa na mbega, wale weusi wenye manyoya meupe mgongoni na mkia unaoning'inia. Hao hawana ubaya na mtu. Tumbili ndio wezi, kwa hiyo chapati zikae ndani ya mkoba uliofungwa, na msiwape chakula hata watoto wakibembeleza, kwa sababu tumbili aliyezoea mkate humrukia mtoto aliyeushika. Kituo chenyewe cha wanyamapori, ambacho wengi bado wanakiita zuu, kilianza 1952 na nacho kimepakana na maji. Kiwekeni kwa siku nyingine. Ukivibana viwili katika asubuhi moja, watoto watachoka na hawatakumbuka chochote.

Fukwe za kulipia pia zipo Entebbe: Lido, Spennah, Aero Beach yenye ndege chakavu ambazo watoto hupenda kupanda. Nzuri zote kwa mchanga na samaki wa kukaanga. Sina mengi ya kuongeza, ila uliza bei ya samaki kabla hajaingia kwenye mafuta.

Sasa kuna mahali ambapo hakuna aliyekutajia, na ndipo karibu zaidi na kwako. Ukishika njia ya Entebbe, mbele kidogo ya Kajjansi, upande wa kushoto kuna Ghuba ya Lutembe. Tangu 2006 iko katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka uleule kinamasi cha Mabamba kilipoingizwa. Kuanzia kama Oktoba hadi Februari ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia hutua hapo kwa makundi makubwa mno, hasa buabua wa mabawa meupe. Mnakodi mtumbwi kwa wenyeji, mnapita kati ya mafunjo, na visiwa vidogo vya matope mtakavyoviona mbele vimefunikwa na ndege watupu. Wakiruka wote kwa pamoja mtoto wa Tanga atasahau kuuliza bahari iko wapi. Naipenda Lutembe na naihofia. Mashamba ya maua na majengo yamesogea mpaka kwenye mafunjo, na ghuba hiyo haina bahati ya kutembelewa na wenye sauti. Kila familia inayokwenda pale na kumlipa mwenye mtumbwi inampa mtu mmoja zaidi sababu ya kutaka ghuba ibaki.

Mabamba iko ng'ambo: mnavuka kwa boti kutoka mwalo wa Nakiwogo, pale Entebbe, hadi Buwaya, kisha boda. Huko ndiko watu huenda kumtafuta korongo nyangumi, yule ndege mwenye mdomo mkubwa kama kiatu, anayevizia kamongo kwenye kinamasi. Asubuhi na mapema tu, na kwa watoto wanaoweza kukaa kwenye mtumbwi bila kusimama.

Swali lako la pili ndilo zito, na nakuomba ulisome pamoja na shemeji. Kichocho kipo Ziwa Viktoria. Wewe wa pwani umezoea kichocho cha mkojo wa damu, hivyo usipouona mkojo umebadilika unaweza kudhani mko salama. Cha huku ni cha matumbo. Kinashika utumbo na ini, mtoto analalamika tumbo, pengine anapata choo chenye damu, na kikiachwa miaka mingi ini linaharibika. Vijidudu hutoka kwa konokono wa majini na kupenya kwenye ngozi, si lazima mtu anywe maji. Hutoka zaidi jua likishapanda, kuelekea adhuhuri, na hiyo ni sababu nyingine ya kupenda asubuhi. Maji yaliyosimama penye matete na mafunjo, au karibu na mialo ambako watu hujisaidia ovyo, ndiyo mabaya zaidi. Ufukwe wa mchanga ulio wazi kwa mawimbi una nafuu, ila hakuna ufukwe wa ziwa hili ninaoweza kukuapia kuwa hauna kabisa, na kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea.

Sisi nyumbani tunafanya hivi. Watoto wanacheza mchangani wapendavyo, wanaingia majini kwa muda mfupi asubuhi penye mawimbi, na kama miezi miwili baadaye tunapeleka choo kupimwa kituo cha afya. Usikimbilie kupima wiki ileile: minyoo inakuwa bado michanga, kipimo hakioni kitu, na dawa ya prazikwanteli yenyewe huua minyoo iliyokomaa, ile michanga inaikwepa. Ikionekana, dawa ipo na inatibu vizuri. Wazazi wengine wameamua watoto wao wasiguse maji kabisa. Siwalaumu, lakini kwangu mtoto anayekua kando ya ziwa bila kujua kuogelea ana hatari kubwa kuliko ya kichocho.

Pia msiogelee Ggaba, Munyonyo wala Port Bell. Maji taka ya Kampala hushuka kwa mfereji wa Nakivubo na kuingia ghuba hiyohiyo. Ggaba nendeni kula ngege, ambaye wewe unamjua kama sato, mkae kwenye benchi mtazame mitumbwi ikiingia. Inatosha. Na popote muendapo, muulizeni mvuvi kuhusu kiboko na mamba kabla mtoto hajavua viatu. Mvuvi anajua aliyeonekana jana.

Kuhusu boti, sitaki mzaha. Novemba 2018 mashua ya starehe ilizama upande wa Mukono, watu zaidi ya 30 wakafa wakiwa njiani kwenda kufurahi. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake. Jaketi okozi livaliwe kabla ya kupanda na lifungwe kifuani. Likikaliwa kama mto halimsaidii mtu. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini, kwa hiyo mwenye boti akisema ya watoto hana, shukeni. Na baada ya saa nane mchana sipandi mtumbwi na watoto hata nikibembelezwa kwa bei.

Utashangaa pia kwa nini kila mahali ni ukuta. Kanuni za mazingira za mwaka 2000 zinalinda mita 200 kutoka ukingo wa ziwa hili, lakini tembea Entebbe uone nyumba na hoteli zilizoketi juu ya maji. Ziwa lilitukumbusha Mei 2020, kipimo cha usawa wa maji pale Jinja kilipofika mita 13.42 na kuipita rekodi ya 1964 ya mita 13.41. Fukwe nyingi tulizokulia zilifunikwa, baa zikawa na samaki ndani, na wavuvi wa mialo walilala chini ya turubai. Mafunjo yangekuwepo yangepunguza nguvu ya mawimbi. Kabla ya hapo, mwezi wa Aprili, kisiwa cha mimea kinachoelea kilikuwa kimeshaingia bwawa la Jinja na kuzima umeme nchi nzima. Mtu aliyeng'oa mafunjo apate mandhari amewaondolea wenzake ngao, na hilo linaniuma kila nipitapo. Ndiyo maana nasisitiza Botanical: ni miongoni mwa kingo chache zilizobaki ambapo mtoto wa mtu yeyote anaweza kushuka mpaka kwenye maji bila kuulizwa ni mgeni wa nani. Kaveera, yaani mifuko ya plastiki, na chupa zenu mrudi nazo nyumbani.

Mwisho, Ssese. Mwende, ndiyo, ila si wiki ya Krismasi, wakati vyumba vinapanda bei na boti zinajazwa kupita kiasi. Visiwa ni 84, na kikubwa, Bugala, ndicho chenye mji wa Kalangala na fukwe za Lutoboka. Wajue watoto mapema kwamba sehemu kubwa ya msitu wa Bugala imegeuzwa mashamba ya michikichi. Nilikuwa nimeuzoea msitu ule, na mara ya kwanza kuona mistari ile ya michikichi nilinyamaza njia nzima. Kando ya maji bado pazuri sana, mchanga mweupe, miti imeinama juu ya ziwa. Kwa ratiba yake ya miaka mingi, meli ya MV Kalangala huondoka Nakiwogo saa nane mchana, hufika Lutoboka kama saa kumi na moja na nusu jioni, na hurudi saa mbili asubuhi. Hesabu vizuri hapo: ukilala usiku mmoja, umeona machweo na foleni ya kupanda tena. Laleni siku mbili au tatu. Pigeni simu kwanza kuhakikisha meli haiko kwenye matengenezo, na fikeni Nakiwogo kabla ya adhuhuri kwa sababu viti hujaa. Kama shemeji ana gari, piteni Masaka hadi Bukakata. Kivuko cha kwenda Luku hakitozi nauli, na mtakuwa na usafiri wenu kisiwani, jambo ambalo kwa watoto wadogo lina thamani kuliko uzuri wa meli.