Muulize Shangazi: Nipime Down sindromu au niache?

SWALI
Shikamoo shangazi. Nina miaka 39, niko Dar, mimba yangu ya tatu ina wiki 11. Dokta kaniambia kwa umri wangu kuna kipimo cha damu cha kuangalia kama mtoto ana Down sindromu, ile hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji na kujifunza, sio lazima ila anashauri. Mume wangu anataka tujue, wifi yangu anasema anayepima ana nia ya kutoa. Mimi kutoa siwezi, imani yangu hairuhusu. Sasa nipime ili iweje? Hata usingizi sipati.
Mama wa wawili

JIBU
Marahaba mwanangu, na hongera sana kwa mimba.

Kwanza vipimo tuvitenganishe. Vile vya kliniki, yani HIV, kaswende, wingi wa damu, mkojo, presha, hivo usikwepe hata kimoja, manake kikionyesha tatizo kuna la kufanya na mtoto anakingwa. Hiki cha Down ni kingine kabisa, hakuna dawa ya kuiondoa, unachopata ni habari, na wewe ndo unaamua kama habari hiyo unaitaka. Ukikataa sio mzembe, na ukikubali hujaasi imani yako.

Sasa ujue kinasema nini. Wanakutoa damu mkononi, inafanyika kuanzia wiki ya 10, wanaangalia DNA, yani chembe za urithi, ya kondo la nyuma iliyoingia kwenye damu yako, mtoto haguswi. Majibu yanasema uwezekano ni mkubwa au mdogo, basi. Yakija kwamba ni mkubwa, kipimo cha kukupa uhakika ni sindano ya tumboni ya kuchota maji ya uzazi, kuanzia wiki ya 15, nayo ina hatari ndogo ya mimba kutoka, chini ya 1 katika 100. Kwa hiyo kabla hujatoa damu jiulize, je sindano ntaikubali? Kama hutaikubali maana yake unaweza kukaa na "huenda" miezi yote mpaka ujifungue, kuna wanaoiweza hali hiyo na kuna inaowatafuna, na hapo hakuna anayekujua kuliko wewe mwenyewe. Umri kweli unaongeza uwezekano, lakini hata kwa mama wa miaka 40 ni kama mimba 1 katika 100.

Kuhusu wifi, hapo simuungi mkono. Karibu nusu ya watoto wenye Down huzaliwa na tatizo la moyo, na mama aliyejua mapema anapanga kujifungulia hospitali kubwa yenye madaktari wa watoto, moyo unaangaliwa mapema, na hapo Dar mnayo Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Anapata pia muda wa kulia, kuuliza, kuwaandaa watoto wakubwa nyumbani. Huyo kapima na hana wazo la kutoa kabisa.

Ila kama moyoni unasema mtoto nampokea vyovyote na kujua kutaninyima raha tu, mwambie dokta hivo hivo, bila kujitetea. Ultrasaundi ya wiki 18 mpaka 22 usiache tu, inaonyesha mgongo, moyo, kondo limekaa wapi, na mengine yanabadilisha jinsi ya kujifungua.

Rudi kwa dokta na mumeo, muulize bei, sampuli inapelekwa wapi, majibu baada ya siku ngapi, na yakiwa mabaya nani atakaa na nyie awaeleze. Asipokuwa na jibu la hilo la mwisho, usitoe damu siku hiyo. Wifi atajua mkiamua kumwambia.