Alama 22, kisha 25: je, mama anapona?

SWALI: Mama ana miaka 76 na ana demensia, yaani kupungukiwa kumbukumbu na akili kwa sababu ya ugonjwa. Kipimo cha kwanza cha kumbukumbu alipata 22 kati ya 30. Miezi mitatu baadaye, 25. Lakini nyumbani anauliza jambo moja mara kumi kwa saa. Tuamini kipi?

JIBU: Aminini mnayoyaona nyumbani. Alama mbili tatu zinaweza kupanda au kushuka kwa sababu ya usingizi, uchovu au mpimaji mwingine. Pia, kama aliulizwa maneno yale yale, huenda ameyazoea. Ombeni toleo lenye maneno mengine.

Jambo la pili: ni kipimo gani? MMSE, cha tangu 1975, na MoCA, cha 2005, vyote vina alama 30, lakini MoCA ni kigumu zaidi. Kwa kawaida, anayepata chini ya 24 kwenye MMSE, au chini ya 26 kwenye MoCA, hutiliwa shaka. Ukipimwa kwa hiki leo na kile kesho, kulinganisha alama ni kazi bure.

Msiishie kwenye jumla. Ulizeni alama zilipotea wapi. Kwenye MoCA mgonjwa husomewa maneno matano, kisha huulizwa tena baada ya dakika tano hivi. Akisahau neno, mpimaji anaweza kumdokezea: "Ni sehemu ya mwili." Dokezo halimwongezei alama, ila linafundisha mengi. Akikumbuka, neno lilihifadhiwa, shida ni kulitoa. Asipokumbuka hata kwa dokezo, huenda halikuingia kabisa, na hivyo ndivyo ufanyavyo Alzheimer, ugonjwa unaoleta demensia kwa wengi. Mtu anaweza kupata 25 huku maneno yote matano yamepotea!

Siku ya kipimo avae miwani na kifaa chake cha kusikia, kwani neno lisilosikika halikumbukwi. Aulizwe kwa lugha aliyoizoea, saa ile ile kama mara iliyopita. Wewe kaa nyuma yake, kimya. Wanaonong'oneza majibu hufanya hivyo kwa upendo, na huharibu kipimo chote. Wala msimfanyishe mazoezi usiku wa kuamkia.

SWALI: Baba hakusoma shule. Kwenye MoCA alishindwa kuchora saa ya 5:10, wakaandika ana demensia. Ni haki?

JIBU: Kwa mchoro huo peke yake, hapana. MoCA humwongezea alama moja aliyesoma miaka 12 au pungufu, lakini kwa asiyewahi kushika kalamu alama moja haitoshi. Mwelezeni daktari tofauti ya sasa na miaka kumi iliyopita: je, anakosea chenji, anapotea njia anayoijua, anameza dawa mara mbili? Apimwe pia damu, hasa vitamini B12 na tezi ya shingo, na daktari apitie dawa zake, za usingizi na za mzio zikiwemo. Aulizwe pia kama ana huzuni: mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, hujibu "sijui" haraka, bila kujaribu.

Kama kusahau kumeanza ghafla, ndani ya siku chache, acheni karatasi za kipimo. Mpelekeni hospitali leo. Huenda ni maambukizi, kiharusi au dawa.