Kabla ya takwimu, kaa na anayepuliza

Madaktari na wanasayansi wachanga wanaokuja kwetu Mombasa kujifunza utafiti wa mapafu huanza kwa kuuliza tunatumia programu gani ya takwimu. Mimi huwapa kiti cha plastiki, wakakae kando ya spairometa, mashine ya kupima pumzi anayopuliza mtu, mwezi mzima.

Asubuhi utaipima mashine yenyewe kwa sirinji ya lita 3. Ikipotoka zaidi ya asilimia 3, hapimwi mtu. Itifaki inataka mipulizo 3 inayokubalika, na miwili iliyo bora isipishane kwa zaidi ya mililita 150. Hayo utayasoma. Ambalo hutalisoma ni hili: ukimwambia mama wa Likoni "puliza", atapuliza kama anayepoza chai, maana ndivyo kupuliza anavyokujua. Mwambie, "Mama, si ya chai hiyo, wala si ya kuwasha makaa. Jaza kifua, bana midomo, itoe kwa mshindo, na usikate mpaka nikwambie." Kisha simama umshangilie kama uko uwanjani. Ukiona haya, mpulizo wake utaishia katikati.

Aliyevaa ninja, yaani vazi la kufunika uso, hatapuliza mbele ya foleni ya wanaume. Tafuta pazia, na dada wa kumpima. Mwezi wa Ramadhani pia, kipimo cha pili baada ya salbutamol, dawa ya kupanua njia za hewa, kina mushkeli: wapo wanaoona dawa ya kuvuta inafunguza, na kabla ya kupuliza tena ni lazima usubiri dakika 15. Ratiba ya mwaka ipangwe ukiwa na kalenda ya Kiislamu mkononi.

Kosa langu kubwa lilikuwa la neno moja. Dodoso langu la kwanza liliuliza kama kifua "kinapiga filimbi". Nyumba baada ya nyumba, hapana. Nilikuwa karibu kuamini mtaa mzima hauna pumu, mpaka bibi mmoja wa Kisauni akanicheka: "Filimbi ni ya refa, mwanangu. Mimi kifua chanikoroma." Tukarudia nyumba zote, na bajeti ya nauli ikaisha kabla ya wakati. Wenzetu wa ISAAC, utafiti wa kimataifa wa pumu ya watoto ulioanza 1991, walikuwa na video ya kuwaonyesha vijana dalili yenyewe, wasitegemee maandishi peke yake. Lijaribu dodoso lako kwa watu wasioijua kazi yako, na uwaulize wameelewa nini, si kama wameelewa.

Kwa wanaotafiti TB, kifua kikuu: sampuli ni makohozi, na mate si makohozi. Mtoe mgonjwa nje penye upepo, mwonyeshe kikohozi kinachotoka chini kabisa, na wewe usisimame mbele yake. GeneXpert, mashine ya kutafuta TB ndani ya makohozi, hutoa jibu kwa saa 2 hivi, lakini husoma vinasaba hata vya vijidudu vilivyokufa, kwa hiyo usiitumie kupima kama dawa imefanya kazi. Kuotesha vijidudu maabara huchukua wiki kadhaa, subiri.

Kibali cha kamati ya maadili na cha NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti Kenya, anza mapema kuliko unavyodhani. Majina ya waandishi wa makala, yaandikeni kabla data haijaingia. Nimeona urafiki ukivunjika hapo.

Na mshiriki asiondoke na karatasi ya grafu asiyoielewa. Keti naye, weka kidole kwenye mstari, umwambie pumzi yake imefika wapi na kliniki ya kumwona ni ipi.