Maswali ya Wasomaji: Nani alivuta gari la Marduk?

SWALI: Mhariri, kijana wangu kabishana na wenzake kijiweni kwamba magari ya vita ya Wasumeri, watu wa kale wa kusini mwa Iraq, yalivutwa na farasi. Kweli? Na lile la Marduk, mungu wa Babeli, je? – Msomaji, Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Kijana kakosea, ila si peke yake. Wanyama wanne wanne wanaovuta magari kwenye Nembo ya Ur, kisanduku cha Wasumeri chenye picha za vita, cha takriban 2500 KK, wanaaminika kuwa kunga: chotara wa punda jike wa kufugwa na punda-mwitu dume wa Syria. DNA ya mifupa ya kale ya Umm el-Marra, Syria, ilithibitisha uzao huo mwaka 2022. Kunga hazai, hivyo ilibidi madume ya porini yakamatwe kila mara, kazi ngumu hiyo! Hatamu zilifungwa kwenye pete ya puani: ukivuta mnyama anasimama, lakini kumgeuza ni shughuli. Magurudumu yalikuwa vipande vya mbao vilivyounganishwa, bila spoku. Mkokoteni wa Kariakoo ni mwepesi zaidi.

Marduk, katika Enuma Elish, utenzi wa Babeli kuhusu uumbaji, anapanda gari la tufani lenye wanyama wanne: Muuaji, Asiye na Huruma, Mkanyagaji na Arukaye. Meno yao yana sumu. Na farasi mwenyewe? Wasumeri walimwita “punda wa milimani”.