Nichukue Nini, Niache Nini Katika Duka la Punguzo?

SWALI: Mhariri, karibu na nyumbani pamefunguliwa duka linalouza kwa bei ya chini vyakula ambavyo zamani nilikuwa nikivitazama tu kwa mbali: jibini za kila aina, mafuta ya zeituni, chokoleti, kahawa, lozi na samaki wa kopo. Kila nikiingia natoka na mifuko miwili, lakini mwisho wa mwezi hujikuta nikitupa karibu nusu ya nilivyonunua. Bidhaa za wiki hii si za wiki ijayo, na nyingine tarehe yake imekaribia au imeshapita. Naomba unieleze nitaamuaje nikiwa nimesimama mbele ya rafu.
Mama wa watoto watatu

JIBU: Mama, kabla hujatazama bei, jiulize bidhaa hiyo imefikaje hapo. Huenda mtengenezaji amebadilisha kifungashio na ile ya sura ya zamani haitakiwi tena kwenye maduka makubwa, au kiwanda kilizalisha kupita mahitaji, au msimu wa sikukuu umepita na maboksi yenye picha za sikukuu yamebaki. Katika hali hizo chakula chenyewe hakina kasoro, na hapo ndipo penye faida ya kweli. Lakini ikiwa bei imeshushwa kwa sababu kopo limebonyea au muda wake unakaribia kwisha, uamuzi unategemea aina ya chakula.

Kuhusu tarehe, yapo maneno mawili ambayo watu wengi huyachanganya. “Bora kabla ya” huzungumzia ubora, yaani ladha, harufu na umbile, ilhali “tumia kabla ya” huzungumzia usalama. Codex Alimentarius, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula iliyoundwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula (FAO) na afya (WHO) mwaka 1963, ilirekebisha kanuni zake za lebo mwaka 2018 na kuitenganisha waziwazi maana ya maneno hayo. Tambi kavu zilizopitisha tarehe ya ubora kwa mwezi mmoja hazina neno. Nyama iliyopitisha tarehe ya usalama irudishe, hata kama inaonekana nzuri. Maziwa ya unga ya watoto wachanga usiyanunue kabisa yakishapita tarehe, kwa kuwa virutubisho vyake hupungua na mtoto huyo hana chakula kingine cha kufidia.

Vyakula vinavyowapotezea watu fedha zaidi katika maduka ya namna hii ni vile vyenye mafuta. Mafuta huharibiwa na mwanga, joto na hewa, na mafuta ya zeituni hayawi bora kwa kukaa. Niliwahi kununua chupa sita za kioo cheupe zilizokuwa zimepangwa karibu na dirisha, nikaona nimepata bahati. Nilipofungua ya kwanza jikoni, ilinuka kama zile rangi za nta wanazochorea watoto, na ulimini ilibaki ladha nzito isiyotoka hata kwa mkate. Zile tano nyingine zilikuwa hivyo hivyo. Tangu siku hiyo nanunua chupa moja tu, tena ya kioo cheusi au ya bati, naifungua siku ileile na kuionja, na ikiwa nzuri narudi upesi kabla shehena haijaisha. Lozi, njugu za jozi (walnut) na unga usiokobolewa navyo uvipime hivyo hivyo, kwa sababu vina mafuta yanayochacha hata pakiti ikiwa haijafunguliwa. Chokoleti yenye utando mweupe isikutishe, kwani mara nyingi huo si ukungu bali ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu baada ya kupata joto, na kwa kuoka keki inafaa sana.

Kahawa chukua ya punje kuliko iliyosagwa. Viungo vivyo hivyo: vizima hutunza harufu kwa miaka 3 au 4, vya kusaga huwahi kuipoteza.

Kopo lishike mkononi, ulizungushe. Likiwa limebonyea kidogo ubavuni, halina shida. Likibonyea kwenye mshono au ukingoni, au bonde lake likiwa na ncha kali, liache, kwa maana hapo panaweza kuwa na tundu lisiloonekana kwa macho. Lililovimba, linalovuja au lililoliwa na kutu usilichukue hata ukipewa bure. Bakteria aitwaye Clostridium botulinum hutoa sumu inayoweza kuua, na chakula chenye sumu hiyo kinaweza kisibadilike harufu wala ladha. Makopo yaliyo salama hayalingani kwa umri: nyanya na matunda yenye uchachu hubaki na ubora wake kwa miezi 12 hadi 18, samaki na maharagwe kwa miaka 2 hadi 5.

Kwa vilivyogandishwa, bonyeza pakiti. Njegere zinazotembea ndani ya mfuko zimetunzwa vizuri, lakini zikiwa zimeshikana bonge moja lenye barafu nyingi, yaelekea ziliyeyuka zikagandishwa tena.

Sasa nije kwenye ile nusu unayoitupa, maana ndiyo iliyonigusa. Ukinunua jibini kwa punguzo la asilimia 40 kisha ukatupa nusu yake, kila gramu mliyokula imekugharimu asilimia 20 zaidi ya bei ya kawaida. Kwa hiyo kabla ya kwenda andika vitu vitano ambavyo nyumba yako huvimaliza kila mwezi bila kubembelezana, na kiasi chake. Hivyo ndivyo vya kununua kwa wingi. Kitu kigeni kiwe kimoja kwa safari, pakiti ndogo, na kiliwe wiki hiyohiyo. Jibini gumu linavumilia. Likiota ukungu, kata sentimita 2 na nusu kuzunguka palipoota, kinachobaki kinalika. Jibini laini likiota ukungu usiotarajiwa, lote ni la kutupa, basi lichukue tu ikiwa usiku huo kuna watu wa kulila.

SWALI: Mwanangu ana ugonjwa wa siliaki, yaani utumbo wake hudhurika akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano. Je, biskuti zisizo na gluteni zilizopunguzwa bei zinafaa?
Baba wa mtoto wa miaka 6

JIBU: Zinafaa, Baba, ikiwa pakiti haijafunguka na lebo yake inasema wazi kwamba hazina gluteni. Kiwango cha Codex kinataka chakula cha namna hiyo kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Maneno “haina ngano” hayatoshi, kwa kuwa shayiri na nafaka iitwayo rai nazo zina gluteni. Soma orodha ya viambato kila unaponunua, hata kama ni biskuti zilezile za mwezi uliopita, kwa sababu shehena ya maduka haya huweza kutoka kiwanda kingine chenye mapishi tofauti.