Wali wa jana ukipashwa moto, sumu inakwisha?

SWALI: Habari, afisa. Niko mwaka wa pili chuoni, naishi hosteli ya Ngara na chumba chetu hakina friji. Jioni napika wali na maharagwe, kinachobaki nakifunika kwenye sufuria. Asubuhi nakipasha kwa koili mpaka kinafuka, nakula, naenda kipindi. Wiki jana nilitapika saa nne. Mwenzangu anasema ni kibanda nilichokula jana yake mchana, kwa kuwa moto huua kila kitu. Ni kweli?

JIBU: Moto huua bakteria. Sumu waliyokwisha kuimwaga kwenye chakula ni habari nyingine, kwa hiyo mwachilieni mama wa kibanda kwanza.

Ninaoushuku ni wali. Mchele mkavu mara nyingi huja na bakteria aitwaye Bacillus cereus katika umbo la spora, mbegu ngumu isiyokufa kwa kuchemshwa. Sufuria ikipoa polepole usiku, spora huamka, bakteria huzaana na kutoa sumu ya kutapisha. Sumu hiyo hustahimili hata nyuzi 121. Hapa Nairobi, kwa mwinuko wetu, maji huchemka karibu nyuzi 95, basi hiyo koili hata uiwashe mpaka saa sita mchana haitafua dafu. Wala kunusa hakusaidii, kwani wali huo huenda haujachacha hata kidogo. Mlaji hutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Hesabu zako zinaingia humo barabara. Za kibanda cha jana yake haziingii.

Maharagwe yana adui mwingine, Clostridium perfringens, anayependa mchuzi mzito uliopoa taratibu. Huyu huharisha zaidi kuliko kutapisha, na akichemshwa sawasawa hufa kabla ya kukudhuru. Sawasawa maana yake yatokote hadi katikati huku unakoroga, si kingo tu. Hata hivyo, usiku kucha nje ya friji ni mrefu mno. Na msinitajie baridi ya Julai: bakteria hawa hustawi kati ya nyuzi 5 na 60, na sufuria iliyofunikwa hukaa vuguvugu kwa saa nyingi.

Kwako ningesema hivi: wali upike wa kuisha jioni hiyo hiyo, ukibaki umwage, hata kama bei ya mchele inauma. Asubuhi chemsha mayai, au kula chapati kavu ya jana. Ina maji machache, hustahimili usiku vizuri zaidi. Ukipata jirani mwenye friji, usimpelekee sufuria nzima ya moto. Tandaza chakula kwenye chombo kipana, kikalishe ndani ya beseni la maji baridi, kiingie frijini kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu kiive.

Ukitapika tena, kunywa ORS (unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwa maji safi kurudisha maji mwilini) kwa funda ndogo ndogo. Ukiona damu chooni au homa ikipanda, nenda zahanati ya chuo siku hiyo hiyo, maana hiyo si kazi ya wali.