Msilipe kianzio cha mashine kabla hamjahesabu nyaya za nguzo

Dada mleta uzi, umeuliza mambo manne: katiba ya kikundi iandikwe vipi, akaunti ifunguliwe benki gani, maombi ya mkopo wa ile asilimia kumi ya mapato ya halmashauri huchukua muda gani, na kama mashine ya kusaga inalipa kijijini. Nilikuwa tayari kujibu moja baada ya jingine, hadi nilipofika pale uliposema kwamba muuza mashine wa mjini atawapunguzia bei mkilipa kianzio wiki hii, na kwamba hamna wasiwasi kwa kuwa umeme wa REA, yaani Wakala wa Nishati Vijijini, umeshafika kijijini. Acheni kwanza. Hizo fedha zirudi kwa mweka hazina leo hii.

Kikundi chetu cha vijana kumi, huku nyanda za juu kusini, kilipata shilingi milioni 12 mwishoni mwa mwaka 2021, kutoka katika lile fungu la mapato ya ndani ambalo sheria inazitaka halmashauri zitenge, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa kuwa mkopo ule hauna riba, tulijidanganya kwamba hauna makali. Tukanunua kinu cha kusaga, kinu cha kukoboa na mota yenye nguvu ya farasi 20, tukajenga na banda la bati. Siku fundi alipokuja kufunga, kina mama watatu walikuwa wameshapanga foleni na ndoo zao za mahindi. Fundi hakufungua hata begi lake. Aliinua macho kwenye nguzo, akauliza ni nani kati yetu aliyekwenda ofisi ya umeme kabla ya kununua, na sote tukamgeukia katibu, ambaye naye alikuwa akimtazama mwenyekiti.

Nyaya zilikuwa mbili. Mota ya ukubwa ule inataka umeme wa njia tatu, yaani unaokuja kwa nyaya tatu za moto badala ya mmoja, na kitongojini kwetu uliopo ni wa njia moja, ambao unawasha taa, jokofu la soda na vifaa vya saluni bila shida, lakini hauzungushi mota ya farasi 20 hata ukiusomea dua. Tulidhani dawa ni kubadilishiwa transfoma. Kumbe hata laini kubwa inayoleta umeme kwenye transfoma ilichepushwa kutoka barabarani ikiwa na nyaya mbili, kwa hiyo ilibidi waya wa tatu uvutwe kwa kilomita nne, na makadirio tuliyopewa yalizidi mkopo wenyewe. Ile shilingi 27,000 ya kuunganishiwa umeme vijijini, ambayo sote tuliishangilia, ni bei ya njia moja.

Sasa niseme ya moyoni kuhusu yule muuzaji. Nilimwuliza kwa kinywa changu kama mota itafaa kwetu, akanijibu kwamba inafungwa popote palipo na umeme, huku akiandika profoma, ile karatasi ya bei, bila kuniangalia. Nilipompigia baadaye alisema nilipaswa kumwuliza fundi, kana kwamba duka lake lilikuwa linauza vitumbua. Na mtaalamu aliyepitia andiko letu la mradi la kuombea mkopo alikuta tumeandika neno moja mbele ya umeme, “upo”, akagonga muhuri. Hakuuliza ni umeme gani. Sisi nasi, wasomi wa kidato cha nne, hatukuuliza.

Mota ikakaa chini ya turubai miezi mitano, na kuku wa jirani akawa mwanachama pekee aliyezalisha chochote ndani ya lile banda. Marejesho ya shilingi 500,000 kila mwezi hayakumsubiri fundi. Mota tuliyoinunua kwa milioni 3.4 tuliiuza kwa milioni 1.6, tukaongeza za mifukoni na kununua injini chakavu ya dizeli, nayo dizeli ikavuka shilingi 3,000 kwa lita mwaka ule wa 2022, hivyo tukawa tunasaga debe kwa hasara ili wateja tu wasitukimbie. Serikali iliposimamisha mikopo hii mwaka 2023, wapo wenzetu waliofurahi wakidhani na madeni yamesimama. Uliosimama ni utoaji. Sisi tuliendelea kulipa hadi shilingi ya mwisho, na wanachama wanne hatusalimiani nao vizuri mpaka leo.

Kwa hiyo kabla ya profoma, kabla ya kianzio, na ikiwezekana kabla hata ya andiko, pelekeni maombi ya njia tatu ofisi ya umeme, mpimaji aje asimame mahali mnapotaka kujenga banda, kisha mpate majibu yake kwa maandishi pamoja na gharama. Jibu la mdomo msilipokee, hata likitoka kwa shemeji. Muuzaji akisema punguzo linaisha Ijumaa, mwacheni liishe.

Kuhusu katiba na benki, wenzangu humu watakusaidia. Mimi katiba yetu aliiandika mwalimu wa shule ya msingi na sikuisoma. Wewe toka sasa hivi kabla giza halijaingia, simama chini ya nguzo iliyo jirani na kiwanja chenu. Ukikuta kebo moja nene iliyosokotwa usikisie kitu, msubiri mpimaji. Ukikuta nyaya zilizo wazi, zihesabu, kisha rudi hapa uandike ni ngapi.